Majani Mawili Mashavuni Mwangu: Malalamiko, Pamoja na Ombi la Cheti

Kwa Dada Mhariri wa Ukurasa wa Ngozi,
Jarida la Ua la Alfajiri,
Yangon.

Dada Mheshimiwa,

Nakuamkia kwa heshima zote, nikiwa nimejibanza nyuma ya mitungi ya maji, mahali pekee nyumbani kwetu ambapo mtu anaweza kuandika bila kuulizwa anaandika nini. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na uso wako, ukiwa na rangi moja kuanzia kwenye paji hadi kidevuni. Mimi pia ni mzima, ukiuacha uso.

Naitwa Sabei Moe. Nina miaka kumi na sita. Nasoma katika shule ambayo asubuhi tunafundishwa kwa Kiburma na mchana kwa Kiingereza, na katika lugha zote mbili sijawahi kunyoosha mkono. Mwalimu akitaja jina langu, mashavu yanaitika kabla ya mdomo. Kwa mdomo nisingethubutu kukulalamikia hata kidogo. Kwa kalamu, niwie radhi, nina mengi.

Jambo lenyewe ni hili. Baada ya siku kumi na mbili mdogo wangu wa kiume ananyolewa nywele na kupelekwa monasteri kuvaa vazi la utawa, na kama ujuavyo, nyumba nzima huandamana. Mbele ya farasi anayempakia mtoto hutembea msichana wa nyumba aliyebeba kasha la tambuu. Hutembea polepole. Hutembea katikati ya barabara. Watu wa pande zote mbili hawana kazi nyingine ila kumtazama. Bibi yangu, Daw Ohn Tin, alilibeba kasha hilo hilo akiwa na miaka kumi na sita, na picha yake imetundikwa sebuleni, uso laini, wa rangi moja, kama yai lililomenywa. Wiki iliyopita alilishusha kasha kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi kwa upindo wa sketi yake, akaliweka magotini pangu. "Mwaka huu ni wewe," akasema. Hakuuliza. Bibi hajawahi kuniuliza kitu tangu nimfahamu.

Dada, kwa uso nilio nao leo, kasha hilo siwezi kulibeba. Na uso nilio nao leo umetokana na jarida lako. Naomba unisikilize kwa utaratibu.

1. Jani.

Kwenye jalada la toleo lenu la Desemba mlimweka msichana aliyepaka thanakha, ile liwa yetu ya gome la mti, kwa umbo la jani, moja kila shavu, likiwa na mishipa yake yote. Alikuwa mzuri mno. Sasa, sisi kwetu thanakha ndiyo kazi. Bibi ana kibanda karibu na kituo cha mabasi, anauza magogo ya thanakha na kuyasugua kwenye msio, na liwa yake inajulikana hadi ng'ambo ya mto. Yeye mwenyewe huipaka uso mzima kama mtu anayepaka chokaa ukutani. Aliponiona na jalada lenu aliguna: "Jani ni la kuchezea. Uso hupakwa wote."

Nikakuamini wewe. Nilichukua picha ya eksirei ya goti la Bibi, ambayo daktari alishamaliza kuitazama, nikakata jani humo. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa mpangilio, nililiweka kila siku mahali pale pale, nikipima kwa rula kutoka puani. Kwa miezi mitatu nilikaa kibandani kila Jumamosi, kila Jumapili na kila jioni baada ya shule, jua likinitazama usoni.

Mwezi Machi nikanawa kwa ajili ya kupigwa picha ya shule. Jani halikutoka. Nikasugua. Halikutoka. Si liwa iliyobaki, Dada. Ilikuwa ngozi yangu mwenyewe. Uso mzima umeungua na jua ukawa kama kahawa, na katikati ya kila shavu kuna jani jeupe, pamoja na kikonyo chake.

Nilimwendea Bibi nikilia. Alicheka hadi akavua miwani. Kisha akawaita wateja: "Njooni! Njooni muone wenyewe! Ilipopakwa imekinga, pasipopakwa jua limekula! Nani tena atasema Daw Ohn Tin anauza unga wa mchele?" Siku hiyo aliuza hadi magogo ya akiba. Mimi nilikuwa chini ya meza.

2. Ndimu.

Katika toleo la Machi, ukurasa wa 31, mkaandika juu ya "Viungo Vinne vya Kusawazisha Rangi na Kutuliza Wekundu". Ukurasa huo niliukuta kibandani na nimeusoma mara nyingi sana, kuanzia kichwa cha habari hadi chini pale ulipochanika. Kiungo cha kwanza mlisema ni vitamini C. Mlisema hung'arisha. Mlisema hufifisha madoa. Shuleni, kwa lugha zote mbili, tumefundishwa vitamini C inakaa wapi. Nikakata ndimu.

Sitaeleza zaidi. Nitasema tu kwamba nilitoka nayo juani kwenda kufua, na kabla nguo hazijakauka nilikuwa na wekundu ambao sikuwa nao nilipoanza kutafuta dawa ya wekundu.

3. Niasinamidi.

Kiungo cha pili hakikuwemo jikoni, ikabidi niende duka la dawa. Naomba ufikirie, Dada, maana ya sentensi hiyo kwa mtu kama mimi. Nilipita mbele ya duka mara tano. Mara ya sita nikaingia, nikamnong'oneza mfamasia, U Thet Naung, ambaye sikio lake la kulia limeharibiwa na mashine ya kusaga. Nikanong'oneza upande wa kulia.

"Nini?" akasema.

Nikanong'oneza tena.

"Aa! Ya uso mwekundu!" akapaza sauti kwa watu waliokuwa kwenye foleni. "Ya nani, mwanangu? Yako?"

Nikasema ya Bibi. Naungama, nilisema uongo, na mbele ya picha ya Buddha iliyokuwa juu ya rafu ya dawa za kikohozi. Uongo huo uliishi siku moja. Kesho yake sokoni U Thet Naung alimsimamisha Bibi katikati ya wauza samaki: "Pole sana, Daw Ohn Tin. Nasikia mashavu yanakuwasha."

"Mashavu ya nani?" akauliza Bibi.

"Yako. Mjukuu wako alikuja kukuchukulia dawa."

"U Thet Naung, nina miaka sabini na miwili. Magoti yananiuma, mgongo unaniuma, na wewe unaniuma. Mashavu hayajawahi."

Aliporudi nyumbani hakunigombeza. Alisugua gome kidogo kwenye msio, akaniwekea kwenye kisahani, akaenda zake. Sikuipaka. Nilikuwa nimekwisha kuambiwa na ninyi kwamba mambo ya msio yamepitwa na wakati. Kile kisahani kilikauka pale pale, na alikiosha mwenyewe. Hilo, Dada, ni la kwangu, si la jarida. Nimeliandika kwa sababu kalamu ilikuwa inapita.

4. Saladi.

Kiungo cha tatu kiliniliza kwa furaha. Mlionyesha kikopo kidogo cha krimu kutoka ng'ambo, kizuri kama kito, mkasema kina nguvu ya jani fulani linalotuliza ngozi nyekundu kuliko chochote. Mkachora jani lenyewe. Nikalitazama. Lilikuwa lile tunaloliita kwato ya farasi! Ile ile inayoota kando ya mitungi yetu ya maji, inayonigusa kisigino sasa hivi ninapoandika, na ambayo Bibi hutengeneza saladi karibu kila siku.

Nilikuwa na haraka, kwa kuwa wekundu wa ndimu ulikuwa unazidi. Nikakimbilia jikoni. Saladi ilikuwa mezani tayari. Nikachukua konzi mbili, nikajibandika.

Ukurasa wenu haukusema kwamba jani hilo lisiwe limekwisha kuchanganywa na pilipili, vitunguu, kamba wakavu na mchuzi wa samaki.

Binamu yangu Zun Pwint, ambaye naye yumo kwenye maandamano na atabeba maua, aliingia akanikuta nimeegemeza kichwa nyuma, saladi usoni. "Sabei," akasema, "chakula kinaingia kwa mdomo, ndugu yangu." Kisha akanusa. "Na hiki kinahitaji chumvi."

5. Shangazi.

Kiungo cha nne ni asidi yenye jina refu, na hapo ndipo nilipokata tamaa na kuanza kufikiri. Maana katika orodha yenu ya vinavyosababisha wekundu mmetaja jua, joto, vyakula vyenye pilipili na sabuni kali. Hamkutaja shangazi.

Hili ni kosa kubwa la kitaalamu. Nimefanya uchunguzi kwa wiki mbili, nikiandika kwenye daftari saa na kiwango cha wekundu. Juani bila shangazi: wekundu kidogo. Kivulini na Shangazi Mya Sein: wekundu hadi masikioni. Shangazi Mya Sein si mtu mbaya. Ni mtu anayekuja na viti vyake mwenyewe. Hukaa, hunishika kidevu, hunigeuza upande mmoja, kisha wa pili, kama anayenunua papai, huku akisema, "Masikini, na kasha la tambuu lote lile! Mama yake Zun Pwint anasema kama haiwezekani, Zun Pwint anaweza kubeba vyote viwili." Kisha huwaita wengine. Kuna siku walikuwa sita. Mashavu yangu yangeweza kuchemsha chai.

Hivyo basi, kwa heshima, natoa hitimisho langu. Ndimu ilipona kwa siku nane. Saladi ilipona kwa siku mbili. Shangazi haponi. Chanzo cha wekundu ni kutazamwa. Hakuna krimu inayoondoa watu. Na siku ya maandamano kutakuwa na watu mia tatu, watawa kumi na mbili, bendi ya ngoma, na mtu aliyekodiwa na baba kupiga picha za video.

Baada ya kueleza hayo, naomba yafuatayo, kwa mpangilio, kuanzia jepesi.

(a) Naomba cheti. Daktari huandika cheti mtu akivunjika mguu. Wewe ndiwe mwenye mamlaka juu ya nyuso, na Bibi huheshimu sana kitu kilichopigwa mhuri. Kiseme tu: "Uso wa Sabei Moe umechunguzwa na haufai kwa barabara." Sitaki chochote zaidi. Zun Pwint atabeba kasha, mimi nitabaki nyumbani kulinda wali.

(b) Ikiwa cheti hakiwezekani, naomba mtangaze kabla ya wiki ijayo kwamba nyuso zote nchini ziwe na majani mawili meupe yasiyonawika. Nimefikiri sana juu ya hili. Kuubadilisha uso wangu mmoja kumeshindikana. Kuzibadilisha nyuso za wengine wote bado hakujajaribiwa.

(c) Ikiwa hata hilo ni gumu, basi naomba mniandikie barua ya kuwaomba wageni wafumbe macho tangu langoni kwetu hadi monasteri. Farasi amekwisha kukubali, yeye huvalishwa viziba macho. Sioni kwa nini mgeni aliyealikwa kwa kadi ashindwe kufanya kile ambacho farasi anafanya bila kulalamika.

Sikuandika haya kwa ukaidi. Nakuambia neno ambalo sijamwambia mtu. Nataka kulibeba. Usiku... hapana, mchana pia, nikiwa peke yangu sebuleni, nimelibeba mara nyingi, kutoka mlangoni hadi kwenye picha ya Bibi na kurudi, polepole, na sijaliangusha hata mara moja. Pale hakuna anayenitazama ila Bibi wa miaka kumi na sita, na yeye hasemi kitu. Ni uso tu unaokataa.

Nasubiri cheti.

Wasalimie wote ofisini kwako: wapiga picha, wachoraji, na hasa yule anayechora mishale inayoonyesha madoa kwenye nyuso za watu. Mwambie kwangu asingemaliza kwa wino mmoja. Msalimie msichana wa jalada la Desemba, na umuulize kwa siri kama lake lilitoka. Bibi anakusalimu pia, ingawa hajui kwamba nimekuandikia. Zun Pwint anamsalimu mtu yeyote anayetokea kwenye majarida.

Nabaki mimi, msomaji wako mtiifu na mwekundu,

Sabei Moe
Nyuma ya mitungi ya maji

Nyongeza. Dada, hii ni siku ya kumi na tano tangu nikuandikie. Barua haikuondoka. Nilipoipeleka posta nilizunguka jengo mara tatu, kwa sababu karani wao ni mtu wa kusalimia, na nilipomaliza mzunguko wa tatu wakawa wamefunga kwa ajili ya Sikukuu ya Maji. Nimeifungua bahasha ili niongeze machache, na mengine naogopa yanaharibu yale ya juu.

La kwanza, nimeipata nusu ya chini ya ukurasa wa 31. Bibi alikuwa ameichana kumfungia mteja vipande vya thanakha, na mteja akaja tena kununua na karatasi ile ile. Humo mmeandika: jaribu kiungo kimoja kimoja. Anza ndani ya mkono, si usoni. Usipake ndimu kamwe. Kinga uso wote na jua. Ukiona wekundu unazidi, acha yote na umwone daktari. Ukweli ni kwamba malalamiko namba 2 na 4 mlikuwa mmekwisha kuyajibu kabla sijayafanya. Na namba 1 Bibi alikuwa amekwisha kulijibu, tangu Desemba.

La pili ni maandamano. Asubuhi ile sikuwa na cheti, kwa hiyo nikaenda kumwambia Bibi kwa mdomo. Nilimkuta kwenye msio, amesugua liwa ya kutosha kijiji. Nikafungua mdomo tu, akaniwahi. Alinyoosha mkono akasema, "Nipe goti langu." Sikuelewa. "Ile eksirei uliyoikata. Lete." Akaiweka kwenye shavu lake la kulia, akapaka. Shavu la kushoto, akapaka. Bibi yangu, Dada, mwenye miaka sabini na miwili, ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kupaka uso nusu! Kisha akawapanga mashangazi wote kwenye benchi, mmoja mmoja. Shangazi Mya Sein alipiga kelele, "Mama, nitaonekana kama mgomba!" Bibi akamwambia, "Afadhali. Mgomba una faida. Geuza shavu."

Wakatoka wanawake ishirini na mmoja, kila mmoja na majani mawili. Mimi peke yangu sikupakwa. Bibi aliniwekea kasha mikononi, akaniangalia mashavu, akawaambia wenzake, "Huyu wa kwangu. Ana mhuri wa duka tayari."

Nililibeba, Dada. Kutoka langoni hadi monasteri. Watu wote walikuwa wamefumbua macho, na farasi peke yake ndiye hakuniona. Kuhusu wekundu, sitakudanganya, ulikuwepo mwanzo hadi mwisho, na njia panda nadhani uliongezeka. Tulipofika, Zun Pwint alinivuta kando kwenye vivuli vya vitambaa, akaninong'oneza niseme kweli, nimepaka nini mashavuni hata wekundu ukapendeza hivi, na je, kinauzwa kwenye duka la U Thet Naung. Nikamwambia sina haja ya kuficha: ni mashangazi ishirini, kila siku, kabla ya saa sita.

Tangu siku ile wasichana tisa wamekuja kibandani kuomba jani. Bibi anawapaka, kisha anawaambia nyumbani wapake uso wote. Hawamsikii. Wewe na mimi tunajua watakuwaje mwezi wa sita, kwa hiyo nadhani ombi (b) limeshatekelezwa bila ninyi.

Cheti sikihitaji tena. Ikiwa umekwisha kukiandika, tafadhali usikitupe. Badilisha jina tu, kiwe cha Shangazi Mya Sein, ambaye jani lake lilipinda, jua likamchora hivyo hivyo, na hataki kutoka nje hadi mwezi uishe.

Naambatanisha picha ya maandamano, endapo mtakosa kitu cha kuweka kwenye jalada. Wote wana majani, kwa hiyo usitafute jani. Mwekundu ndiye mimi.